Ndege Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Kila Januari, jua likiwa bado halijapanda, watu hukusanyika kando ya Ziwa Nakuru wakiwa na darubini, kalamu na karatasi zenye orodha ndefu ya majina ya ndege. Wamo watafiti wa Makavazi ya Kitaifa, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), wanachama wa shirika la Nature Kenya, wanafunzi, na wakazi wa kawaida wa mji wetu. Hugawana ufuo vipande vipande, kila kikundi na chake, kisha huanza kuhesabu: heroe, mwari, minandi, mabata, yangeyange, na vitwitwi wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji. Zoezi kama hilo hufanywa pia Naivasha, Elementaita, Bogoria na Baringo, na lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kazi hiyo haina shamrashamra. Mtu husimama matopeni, akavumilia harufu ya magadi na mwangaza unaomrudia machoni kutoka majini, akahesabu, akaandika tarakimu, akasogea hatua chache, akahesabu tena. Hakuna anayetajirika kwayo. Lakini daftari hilo la Januari ni miongoni mwa kumbukumbu za kutegemewa zaidi tulizo nazo kuhusu maziwa yetu, na ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege wa Bonde la Ufa ni mali ya watu wa bonde hili, na sehemu kubwa ya mali hiyo inatutoka bila habari kwa sababu daftari tumewaachia watu wachache, tena kwa siku chache za mwaka. Ninaamini kwamba kuwatazama ndege na kuandika tunachokiona ni kazi ya raia, sawa na kuhudhuria kikao cha bajeti ya kaunti au baraza la chifu. Ninaamini pia kwamba mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, una deni la kuwapa wakazi wake nafasi ya kuifanya kazi hiyo.

Tuanze na ndege aliyeipa Nakuru jina duniani. Heroe mdogo, ambaye wengi wetu humwita flamingo tu, aliwahi kufurika hapa kwa idadi iliyozidi milioni moja kwa wakati mmoja. Roger Tory Peterson, Mmarekani aliyeandika na kuchora vitabu vya ndege vilivyosomwa katika nchi nyingi, alipoliona ziwa hili hakusita kusema kwamba hakuna tamasha la ndege linalolishinda popote duniani. Vizazi vya watoto wa Nakuru vimekua vikijua kwamba rangi ya waridi ukingoni mwa ziwa ni sehemu ya mandhari, kama ulivyo mlima Menengai upande wa pili wa mji.

Anayemtazama heroe kwa karibu ataona jinsi anavyokula, na akiona hilo ataelewa karibu kila kitu kilicholipata ziwa letu. Heroe huinamisha shingo mpaka mdomo wake unageuka juu chini ndani ya maji. Ulimi wake huvuta maji na kuyasukuma nje, mara nyingi kwa kila sekunde, na vichujio vyembamba vilivyo ndani ya mdomo hubakiza mwani. Huendelea hivyo kwa saa nyingi, akitembea polepole, akiyumbisha kichwa kushoto na kulia. Ekkehard Vareschi, mwanasayansi aliyelichunguza Ziwa Nakuru katika miaka ya 1970, alikadiria kwamba ndege mmoja mzima hula zaidi ya gramu 60 za mwani kwa siku, ukipimwa baada ya kukaushwa. Kundi la ndege milioni moja, basi, lilihitaji zaidi ya tani 60 kila siku, na ziwa liliweza kuwalisha.

Mwani wenyewe, aina ya spirulina, husitawi kwenye maji yenye magadi makali ambayo viumbe wengi hawayawezi. Maji ya mvua yakiongezeka, magadi huzimuka, na mwani huo hupungua. Ndipo heroe huondoka, kwa kawaida usiku, kwenda kutafuta ziwa jingine.

Hayo ndiyo yaliyotokea mbele ya macho yetu. Kati ya mwaka 2009 na 2022, eneo la Ziwa Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91, na kiasi cha mwani kikapungua kwa nusu. Tarakimu hizo zilitolewa mwaka 2024 na watafiti waliopitia picha za setilaiti za maziwa 22 ya Afrika Mashariki. Mvua kubwa zilizorudi mwaka baada ya mwaka ndizo sababu kuu, na kukatwa kwa misitu ya Mau na Eburu kumeongeza maji na udongo unaoshuka kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit, maana ardhi isiyo na miti hainywi maji. Lango kuu la mbuga inayolizunguka ziwa lilizama, barabara zikazama, na familia za mitaa ya Mwariki na Barut zikahama nyumba zilizoingiliwa na maji.

Heroe wengi walihamia Bogoria na kwingineko. Tusidhani wana pa kukimbilia pengi. Bogoria nalo limepanda. Na heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki, popote wanapojilisha, hutegemea mahali pamoja tu pa kuzalia kwa uhakika: Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania. Heroe wa Nakuru ni mzaliwa wa Natron. Mtu akiharibu maji ya Natron, ni watoto wa Nakuru watakaoulizana miaka kumi baadaye ndege walienda wapi.

Habari za kuondoka kwa heroe zilitangazwa kila mahali. Jambo ambalo halikutangazwa ni kwamba nafasi yao haikubaki tupu. Migunga ya manjano iliyozungukwa na maji ilikufa ikiwa imesimama, na leo mashina yake makavu yanatokeza majini yakiwa meupe kwa kinyesi cha minandi, ambao wamejenga matago yao matawini. Ukikaa kimya kando ya miti hiyo asubuhi, utawaona minandi wamekunjua mabawa wakiyakausha juani, kila mmoja ameugeukia upande uleule. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayelia akitupa shingo nyuma, amepata matawi ya kutua ya kutosha na samaki wa kutosha. Maji yalipopoteza ukali, samaki wa maji baridi waliweza kuishi humo, wakajiunga na samaki wadogo wa Ziwa Magadi walioletwa Nakuru miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu.

Mtu anayekuja Nakuru mara moja kwa miaka mitano ataona msiba tu: heroe hawapo. Anayetazama kila wiki anaona ziwa linalobadilisha wenyeji wake, anajua ni nani aliyeingia mwezi gani, na anaweza kusema mapema kama magadi yanarudi, kwa kuwa makundi madogo ya heroe huanza kuonekana tena kwenye kona zile zile. Ujuzi huo hauna shahada wala mshahara. Unahitaji macho, subira na daftari.

Nitatoa mfano wa ndege ninayempenda kuliko wote hapa kwetu. Mwari weupe huzaa Elementaita, kwenye visiwa vya mawe vya ziwa hilo, na shirika la UNESCO lilipoyaingiza maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, mwari hao walikuwa miongoni mwa sababu. Lakini Elementaita haina samaki wa kuwatosha. Kwa hiyo wazazi huacha vifaranga kisiwani na kuvuka vilima kuja kuvua Nakuru.

Ndege huyu ana uzito wa kilo kumi hivi, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita tatu kutoka ncha hadi ncha. Kuruka kwa kupiga mabawa safari nzima kungemmalizia nguvu. Hivyo husubiri. Asubuhi na mapema utawaona wamekaa tu, midomo imelazwa kifuani. Jua likishapasha nyanda za Soysambu, kando ya Elementaita, hewa moto huanza kupanda, na mwari wa kwanza hujitupa ndani yake. Huzunguka bila kupiga bawa, juu na juu zaidi, na wengine hufuata mpaka kundi zima linakuwa nguzo inayozunguka angani. Hapo hutokea jambo ambalo sijawahi kulichoka. Wakigeuza migongo kwenye jua wote hung'aa weupe. Wakigeuka upande wa pili hutoweka kabisa kwenye anga, mia nzima, kisha wakarudi tena. Wakifika juu ya kutosha huacha kuzunguka, hupanga mstari, na huteleza kuelekea Nakuru.

Nguzo hiyo ya ndege huonekana kutoka barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku ndani ya matatu, mabasi na malori. Ni wangapi waliowahi kuinua macho? Silaumu mtu, hakuna aliyetuonyesha shuleni. Tulifundishwa kwamba wanyamapori wako nyuma ya uzio, kwamba kuwaona ni safari ya kulipiwa, na kwamba darubini ni chombo cha mgeni kutoka Ulaya.

Fikra hiyo imetugharimu, na gharama yake inaonekana wazi zaidi kwa ndege ambao hakuna mtalii anayewafuata. Kuna mwewe mkubwa, shakivale wa nyanda zetu za juu, mwenye tumbo jeupe, mgongo mweusi na mkia wa rangi ya matofali. Zamani ilikuwa kawaida kumwona juu ya nguzo za stima na vigingi vya ua kuanzia Limuru hadi Molo, akitazama chini kusubiri fuko atoe pua. Mkulima hakumhitaji mtu wa kumweleza faida yake: fuko na panya aliowala ni viazi na mahindi yaliyookolewa.

Mwaka 2022 mtafiti Darcy Ogada na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa barabarani nchini Kenya miaka ya 1970 na hesabu za kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua. Shakivale huyu wa kawaida, ndege wa kila nguzo, alikuwa amepungua kwa asilimia 91. Nyaya za umeme humuua anapotua, sumu inayotegewa panya humfikia kupitia mawindo yake, na miti mikubwa ya kujengea kiota imekatwa.

Nusu karne nyuma hakuna aliyejua kwamba mwewe wa kila siku angefikia hali hiyo. Tunajua leo kwa sababu watu fulani, miaka ya 1970, walisafiri katika barabara zetu wakiandika kila ndege mwindaji waliyemwona, hata yule aliyekuwa wa kawaida mno asiyestahili kuandikwa. Bila maandishi yao tungebaki na wazee wanaosema zamani mwewe walikuwa wengi, na vijana wasioamini. Heroe milioni moja wakiondoka, dunia nzima hujua. Mwewe mmoja akiondoka kwenye nguzo moja, kisha mwingine kwenye nguzo inayofuata, hakuna gazeti litakaloandika. Ndege wa kawaida ndio wanaohitaji daftari zaidi.

Najua jibu litakalonijia. Watu wa Nakuru wana njaa, kodi ya nyumba, karo na mafuriko. Wapewe ndege wa kuhesabu? Hoja hiyo ninaiheshimu, na ninaikataa. Maji yaliyomfukuza heroe ndiyo yaliyoingia jikoni kwa watu wa Mwariki. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka, na ukingo wake ukarudi nyuma mbali. Ardhi iliyoachwa wazi ikaonekana kuwa ardhi tu, ikapimwa, ikauzwa, ikajengwa. Maji yaliporudi yalirudi kwao. Ukipanda Hyrax Hill, kilima ambako Mary Leakey alichimbua makazi ya kale mwaka 1937, unasimama mahali ambapo maelfu ya miaka iliyopita palikaribiana na ufuo wa ziwa kubwa lililounganisha Nakuru na Elementaita. Ziwa hili huja na kwenda. Mtu anayejua ni wapi ndege wa maji hukusanyika maji yakipanda kidogo, anajua pia ni ploti gani mnunuzi asiiguse.

Vilevile si kweli kwamba kutazama ndege ni jambo tuliloletewa. Wafugaji wa bonde hili hujua ni ndege gani anayewaongoza kwenye mzinga wa nyuki. Wakulima wa Njoro na Bahati wamekuwa wakisoma mbayuwayu wanaoruka chini kabla ya mvua. Nenda Naivasha, upande mashua, umwangalie mwenye mashua akitaka kukuonyesha furukombe. Huchukua samaki mdogo, humwingiza kipande cha bua la funjo mdomoni ili asizame, kisha hupiga mluzi. Tai aliye kwenye mgunga wa mbali hugeuza kichwa. Samaki hurushwa juu na kuanguka majini, na kabla mviringo wa maji haujatulia tai amekwisha kuacha tawi. Hushuka kwa mshazari, makucha mbele, hugusa maji mara moja tu na kuondoka na samaki wake.

Wageni hupiga picha. Mimi huvutiwa na yule wa kushika kasia. Anajua kila jozi ya tai inamiliki sehemu gani ya ufuo, inapoishia mipaka yake, na ni tai yupi aliyepoteza mwenzake. Ujuzi huo ni wa kitafiti kabisa, isipokuwa haujaandikwa popote. Akistaafu au akihamia kazi nyingine, huondoka nao.

Kuandika nako kuna urithi wake hapa nchini. Chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki, ambacho leo ndicho Nature Kenya, kilianzishwa mwaka 1909. Wakati huo kilikuwa cha wakoloni. Leo ni cha Wakenya. Mwaka 1968, mwaka uleule Ziwa Nakuru lilipotangazwa kuwa mbuga ya kitaifa, wanafunzi wa Kenya walianzisha vilabu vya wanyamapori vilivyoenea katika shule za nchi nzima. Na mwaka 1971, Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi, yaliyokuwa darasa kwa waongoza watalii na watafiti wengi wa Kenya. Matembezi hayo hayakuwa na siri yoyote: watu walikutana, wakatembea polepole, wakataja walichokiona, wakaandika.

Kwingine duniani, madaftari ya watu wa kawaida yamefika mbali. Nchini Marekani, Frank Chapman alianzisha hesabu ya ndege ya Krismasi mwaka 1900, ili watu wahesabu ndege badala ya kuwapiga risasi kwa mashindano. Desturi hiyo haijakatika. Mwaka 2019 wanasayansi walipotangaza kwamba Amerika Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, ushahidi wao mwingi ulitoka kwa watu waliojitolea kama hao: walimu, wastaafu, madereva na watoto wa shule.

Hapa karibu tuna mfano unaonigusa zaidi. Juu ya ukingo wa bonde, upande wa mashariki wa Naivasha, kuna uwanda wa Kinangop. Humo huishi ndege mdogo wa kifua cha manjano, Macronyx sharpei kwa jina la kisayansi, ambaye hapatikani popote duniani ila katika nyasi za nyanda za juu za Kenya. Haishi mitini. Hutaka nyasi fupi zenye mafungu mazito ya kujifichia, na shamba likilimwa, huondoka. Nyasi za Kinangop zimekuwa zikigeuzwa mashamba ya viazi na kabeji mwaka hadi mwaka. Waliopaza sauti kuhusu hilo ni wakazi wenyewe, chini ya chama chao cha Marafiki wa Uwanda wa Kinangop. Walitembea shamba kwa shamba wakihesabu, wakazungumza na majirani, wakahimiza ufugaji wa kondoo na usokotaji wa sufu ili nyasi ziwe na thamani bila kulimwa. Nature Kenya nayo ikanunua vipande vya ardhi vya kuhifadhiwa. Ndege yule bado yumo hatarini, lakini ana majirani wanaomjua na wanaojua wamebaki wangapi.

Basi mtu aanzie wapi? Aanzie alipo. Mji wetu una ndege kuliko watu wanavyodhani. Kwarara hupita alfajiri juu ya Milimani na Section 58 wakipiga makelele yanayoamsha mtaa. Kwezi wa buluu na kifua cha rangi ya kutu huokota makombo nje ya hoteli. Mwewe huzunguka juu ya bucha. Kando ya Mto Njoro, fundichuma hujenga kiota kikubwa cha vijiti na matope ambacho mtu mzima anaweza kukikalia. Kuanzia Septemba na Oktoba, mbayuwayu na vitwitwi kutoka Ulaya na Asia huwasili. Ikifika Aprili wengi wamekwisha kuondoka. Watu wa Kaptembwo na Lanet hawahitaji tiketi kuwaona.

Chagua mahali pamoja, hata kama ni mti mmoja nje ya dirisha au kipande cha mto, na upatazame mara kwa mara. Andika tarehe, saa, mahali, ndege gani, wangapi, na wanafanya nini. Usiyemjua, andika sifa zake: ukubwa, mdomo, miguu, rangi ya mkia, sauti. Andika pia siku usiyoona kitu, kwa sababu kutokuwepo kwa ndege ni habari. Mwenye simu anaweza kutuma alichokiona kwenye Ramani ya Ndege ya Kenya, mradi uliogawa nchi nzima katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9 na kualika kila mtu kuijaza. Atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya, ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, ilitoka mwaka 1989, na ramani hii mpya inaonyesha nani amehama tangu wakati ule. Iko miraba inayojazwa kila wiki kwa sababu ina hoteli za kitalii, na iko mingine inayokaa kimya. Wakazi wa miraba hiyo ya kimya ndio tunaowahitaji.

Wakazi wakifanya sehemu yao, wenye mamlaka nao wafanye yao. Uzio wa umeme unaoizunguka mbuga una kazi muhimu ya kulinda vifaru na kuwaweka simba mbali na watu, na siombi uondolewe. Ninachoomba ni kwamba Kaunti ya Nakuru itenge angalau sehemu moja ya wazi upande wa mjini, nje ya uzio, ambapo mtu ataliona ziwa bure: jukwaa la mbao, kivuli, mabango ya ndege kwa Kiswahili. Ardhi iliyofunikwa na maji isiuzwe tena maji yakishuka. Iachwe iwe ya nyasi na ndege, maana ndiyo ardhi bora kwao na mbaya kuliko zote kwa nyumba.

KWS, pamoja na Makavazi na Nature Kenya, watangaze matokeo ya hesabu ya Januari hapa hapa Nakuru, kwa lugha tunayoizungumza, kwenye redio na kwenye ubao langoni. Mkazi ana haki ya kujua ziwa lake lilikuwa na mwari wangapi mwaka huu na wangapi mwaka jana. Shule za kaunti zipewe siku zao za kuingia mbugani bila kiingilio, na kila shule iwe na daftari la ndege wa uwanja wake, linalorithiwa kutoka darasa hadi darasa. Mtaala mpya unataka watoto wajifunze kwa kutenda. Hakuna somo la kutenda lililo rahisi kuliko hili. Na kampuni za umeme zifunike nyaya kwenye nguzo ambako ndege hutua, kuanzia na zile zinazojulikana kuua.

Hakuna ombi hata moja kati ya haya linalohitaji mabilioni. Yanahitaji tuamini kwamba mtu wa Rhonda au Barut anaweza kuwa shahidi wa mazingira yake, na ushahidi wake ukachukuliwa kwa uzito. Maana mabadiliko hayajakoma. Ziwa litapanda au litashuka, misitu ya Mau itarudi au itaisha, na kila uamuzi kuhusu mambo hayo utafanywa na watu wenye ripoti mezani. Jamii isiyo na maandishi yake husomewa ripoti za wengine. Jamii yenye miaka kumi ya tarehe, mahali na idadi huingia kikaoni ikijua inachosema, na afisa yeyote akidai kwamba hakuna kilichobadilika, humfungulia daftari.